Nilimwombea Nafuu Mtu Niliyemzika

Sina kifafa tena. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kila mtu analotaka kulisikia. Nikishalisema, watu hunipa mkono wa pongezi, humshukuru Mungu kwa sauti na kuendelea na safari zao. Mimi nataka kuandika yanayobaki wakishaondoka. Namwandikia yule ambaye sasa hivi amekaa kwenye benchi la kliniki, ameshika fomu ya kukubali upasuaji wa kichwa, anatafuta kalamu. Mimi nilikaa pale, nikatafuta kalamu, na hakuna aliyeniambia subiri kwanza.

Mimi ni Mnyamwezi, mkulima, nina miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa katekista wa kigango chetu kilicho kando ya reli, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Kigwa. Paroko, padre wetu, hutufikia mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Jumapili nyingine zote aliyesimama mbele kuongoza ibada ni mimi. Mambo ya karibuni niliyoandika humu nimesaidiwa na mke wangu Modesta. Tulipobishana nimeandika anavyosema yeye, kwa maana kichwa chake ni kizima.

Kifafa kilinianza nikiwa darasa la sita. Mkono wangu wa kushoto una ngozi iliyokunjamana kuanzia kiwiko hadi vidoleni, kwa sababu siku moja nilianguka jikoni, moto ukiwa unawaka na hakuna mtu nyumbani. Sikuruhusiwa kupanda baiskeli wala kupanda miti kurina asali, na kisimani nilikwenda na mtu. Nilioa, nikawa mtu mzima ambaye mkewe anamchotea maji ya kuoga na kukaa mlangoni akisikiliza kama bado anamwaga maji.

Kanisani nilianguka mara nyingi tu. Mara ya kwanza watu walirukia juu ya mabenchi, maana kwetu wengi wanaamini ukikanyaga povu la mwenye kifafa nawe umekipata. Miaka ikaenda, wakazoea. Kina mama wa kwaya walinilaza ubavu na kunifunika kitenge, kwaya ikaanzisha wimbo, na wimbo haukukatwa mpaka nimekaa. Nikishasimama naendelea pale nilipoishia. Katika miaka yote ile sikusikia mtu akisema katekista huyu hafai.

Dawa nilimeza za kila rangi. Zilifika mahali zikawa hazizuii kitu, nikawa naanguka mara tatu au nne kwa wiki. Daktari mmoja aliyepita Tabora akanitazama, akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam. Kuna mabingwa wanapasua, alisema, wanatoa ile sehemu ya ubongo inayoleta shida. Tulipanda treni mimi na Modesta mwezi ambao wenzangu walikuwa wanamwagilia vitalu vya tumbaku.

Tulikaa huko majuma saba. Sehemu kubwa ya majuma hayo ilikuwa ni kusubiri kwenye korido yenye feni moja, watu wamebeba bahasha kubwa za picha za vichwa vyao. Nilibandikwa nyaya utosini, nikaingizwa kwenye mashine inayogonga kama fundi bati. Dada mmoja mpole akanisomea maneno kumi na tano, akaniambia niyarudie. Niliyarudia karibu yote. Akanisomea hadithi, nikaisimulia kama ilivyo, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Akasema, "Katekista, una kumbukumbu nzuri sana," akaandika namba kwenye karatasi yake. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyepewa zawadi.

Ile fomu ilikuwa ya Kiingereza. Nilimuuliza daktari kuna madhara gani. Akahesabu vidoleni: kutokwa damu, maambukizi, kupooza, hata kifo, ingawa ni nadra. Nikauliza, "Na akili?" Akasema, "Unaweza kusahausahau kidogo mwanzoni, baadaye inakaa sawa." Lile neno "kidogo" nimelikasirikia kuliko nilivyowahi kukikasirikia kifafa chenyewe. Walikuwa na ile karatasi ya namba mkononi. Walijua kumbukumbu yangu ilikuwa nzuri, na kwamba wanakwenda kukata palepale inapokaa. Baada ya upasuaji hakuna aliyerudi kunisomea maneno kumi na tano. Nilipouliza, nikaambiwa yule dada amehamishwa.

Nilizinduka nimenyolewa upande wa kushoto, kichwa kimefungwa bandeji, taya halifunguki vizuri. Siku ya tano nikanywa uji kwa kijiko. Siku ya kumi wakatoa nyuzi. Sikuanguka siku hiyo wala kesho yake wala mwezi uliofuata, na sijaanguka hadi leo ninapoandika.

Sitaki nionekane mtu asiye na shukrani. Tulirudi mvua za kwanza zikinyesha, nikanunua baiskeli ya mtumba, na nikiwa na miaka arobaini na moja binti yangu Veronika akanifundisha kuiendesha huku majirani wakinishangilia. Niliota moto peke yangu. Nilioga nikafunga mlango. Modesta akalia siku hiyo, akasema amesahau jinsi ya kufanya shughuli nyingine wakati mimi naoga.

Lakini ilipofika Majilio nilikuwa nimeshaanza kuona kwamba vitu vinaanguka badala yangu. Majina yalitangulia. Namtazama mtu niliyemwandaa mtoto wake kwa ubatizo, namjua kabisa, najua hata rangi ya mlango wake, na jina haliji. Yakafuata maneno ya kawaida: jembe, chujio, kesho kutwa. Nilikuwa namwambia Veronika, "Niletee kile cha kumwagia," naye anasimama akinitazama. Sala za zamani zilibaki zote, na nyimbo, na harusi yangu, na darasa la sita. Kilichoingia jana ndicho hakikukaa. Nilisoma Injili nyumbani Jumamosi kujiandaa, Jumapili nikaisoma kama barua ya mgeni.

Na watu wawili wakizungumza kwa pamoja nilipotea. Vikao vya kigango nilianza kuviogopa, nikawa naitikia tu, nacheka wengine wakicheka. Njiani nilipita watu bila kuwataja majina, na kwetu hilo ni kosa kubwa. Unatakiwa uulize habari za huyu na yule, za mama, za mgonjwa, za aliyesafiri. Wakasema, "Katekista tangu apelekwe Dar anaringa." Mtu aliyekatwa mguu haambiwi anaringa kwa kuchechemea.

Nyumbani palichafuka. Nilimshutumu Modesta kwamba ananificha mambo, kwa kuwa kila siku nilikuta jambo limeamuliwa na mimi sina habari. Yeye akasema, "Tuliamua pamoja, Baba Vero. Ulikuwa umekaa hapohapo." Siku moja mchana niliuliza kama chakula kimeiva, na sahani niliyotoka kulia chakula ilikuwa mbele yangu. Veronika akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Modesta akainua ile sahani, akaenda nayo nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi akasema bila hasira, "Nimechoka kuwa kichwa chako. Nipe hata siku moja ya kuwa na changu." Nilimjibu vibaya. Maneno niliyomjibu siyakumbuki, naye amekataa kunitajia.

Tukafanya utaratibu. Kila Jumamosi Modesta aliniandikia karatasi ya Jumapili: wagonjwa wa kuwaombea, waliofiwa, matangazo. Niliisoma neno kwa neno na mambo yakaenda.

Katika wagonjwa alikuwapo Mzee Chibago. Huyu alikuwa Mgogo, mstaafu wa reli, aliyefanya kazi kwenye genge la kutengeneza njia, akapenda huku akabaki. Alikuwa mtani wangu. Sisi na Wagogo tunataniana tangu babu zetu walipopita kwao wamebeba pembe za ndovu kuzipeleka pwani, wao wakiwatoza ushuru kwa maji ya visima. Kila tulipokutana alipaza sauti, "Wee mpagazi! Mzigo wangu umeushusha wapi?" Nami nikamjibu, "Nimeuficha, Mgogo, mpaka urudishe ushuru wa maji." Kwaresima ile alianza kuvimba miguu. Jumapili baada ya Jumapili jina lake lilikuwa la kwanza kwenye karatasi, na kila wiki nilikwenda kumsomea sala kitandani.

Tumbaku ilipokwisha kuvunwa na kukaushwa, upepo wa kiangazi umeanza, Modesta alikwenda Sikonge kumuuguza mama yake. Hakukuwa na karatasi. Na Jumapili hiyo, nakiri, nilijisikia vizuri. Kichwa kilikuwa chepesi, masomo yalitoka vizuri, nikahubiri hadi watu wakatikisa vichwa. Nilipofika kwenye maombi ya waumini nikajiambia leo sihitaji karatasi. Nikafumba macho nikasema, "Tumwombee mzee wetu Chibago, anayeteseka kitandani, Bwana amjalie nafuu na kumrudisha kati yetu. Ee Bwana."

Kiitikio hakikuja. Nikafumbua macho. Nikarudia, "Ee Bwana," kwa nguvu zaidi, kama mwalimu anayeamsha darasa. Mbele yangu Mama Anjela, mke wa Mzee Chibago, alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Akainuka, akapita katikati ya mabenchi, akatoka nje. Wanawe wawili wakamfuata. Mimi nikadhani amejisikia vibaya, nikamuongeza kwenye maombi ya wagonjwa.

Modesta alirudi Jumanne, na habari zilikuwa zimemfikia stesheni. Alinikalisha chini.

"Baba Vero, Mzee Chibago alikufa. Tulimzika wiki mbili zilizopita."

"Nani alimzika?"

"Wewe."

Nikasema hapana. Nikasema nani amekutuma. Akanishika mkono tukaenda makaburini kwa miguu. Palikuwa na tuta jipya, udongo mwekundu bado haujashikana, na msalaba wa mbao umeandikwa jina kwa rangi nyeusi. Maandishi yalikuwa yangu. Kigango kizima mwandishi wa misalaba ni mimi, na ile herufi G yenye mkia naijua. Nilisimama pale nikatafuta kichwani hata chembe, hata jua la siku ile, hata jembe moja, na hapakuwa na kitu.

Baadaye watu waliniuliza kama niliona aibu. Niliona, lakini kilichotangulia kilikuwa hasira, na hasira hiyo ingalipo. Mtu alifungua kichwa changu akatoa mazishi ya rafiki yangu, na kabla ya kufanya hivyo akaniambia "kidogo".

Kijijini maneno yalizagaa. Wapo waliosema katekista anamwita marehemu kwa sababu kichwa kilichofunguliwa kinaingiwa na chochote. Watoto wa Mzee Chibago walisema mama yao ametukanwa mbele ya altare na hawakanyagi tena kanisani nikiwa nimesimama mle. Ndipo akaja nyumbani Mwenyekiti wa kigango, Sosipeta, mtu mpole wa sauti asiyependa kelele.

"Katekista, hili ni jepesi," alisema. "Wewe na wale ni watani. Sema ulikuwa unatania. Mtani husema lolote juu ya maiti, hata kaburini, nani hajui? Jumapili anayokuja Paroko unasimama, unasema ulitania, unatoa kuku, wao wanacheka, yanaisha. Kanzu yako unabaki nayo."

"Nilikuwa nasali, Mwenyekiti. Sala niifanye utani?"

"Mungu anaelewa. Na hawa watu wataelewa. Lakini ukisema umesahau," akainamisha kichwa, "ukisema umemsahau mtu uliyemzika mwenyewe, nani atakuachia kigango?"

Alipoondoka, Modesta akasema, "Kubali, Baba Vero. Ni kuku mmoja tu." Namwelewa. Alikuwa amebeba mengi, na hapa palikuwa na mlango rahisi wa kutokea. Tena ulikuwa mlango wetu wenyewe, desturi yetu, na ungefunguka. Ila nikishatania leo, nitakaposahau mwezi ujao nitasemaje? Nitakuwa mchekeshaji wa kigango, na ugonjwa wangu hautakuwapo mahali popote, si kwenye midomo ya watu wala kwenye karatasi za hospitali.

Nikaamua kwenda Tabora mjini kutafuta barua. Nilitaka daktari aandike kwamba kusahau kwangu kumetokana na upasuaji, nimpelekee Paroko. Nilifika kliniki asubuhi mapema, nikakaa kwenye benchi na watu wengine, wengi wao mama wenye watoto wa kifafa. Mmoja alinitambua kwa kovu akauliza kama ni kweli kifafa kinaondoka. Nikamwambia kweli. Akafumba macho akasema, "Asante Yesu." Sikupata moyo wa kuendelea.

Zamu yangu ilifika saa nane. Daktari alikuwa kijana, mwenye haraka, macho kwenye faili.

"Umeanguka tangu mara ya mwisho?"

"Hapana, daktari, lakini..."

"Hata kushtuka mkono?"

"Hapana. Nasahau. Nimemsahau mtu niliye..."

"Baba, sisi sote tunasahau. Ni umri, na mawazo. Punguza mawazo. Upasuaji wako umefanikiwa kabisa." Akaandika. Nilisoma kutoka upande wangu wa meza, maandishi yakiwa juu chini: amepona.

Nikamwomba barua. Akasema hawezi kuandika kitu ambacho hakipo kwenye faili. Nikamuuliza kitaingiaje kwenye faili kama kila ninapokitaja yeye anaandika amepona. Sauti yangu ilipanda, nadhani nilipiga meza. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba watu waliopasuliwa wakati mwingine huwa na hasira, akalitia hilo kwenye faili. Hasira yangu ilikuwa na nafasi kwenye karatasi. Kumbukumbu yangu haikuwa nayo.

Muuguzi mmoja mtu mzima alinifuata hadi getini. "Baba, usirudi nyumbani hivyo," alisema. "Mtaa wa Isevya kuna dada anaitwa Tatu, alipasuliwa kama wewe. Aliniachia neno, nikimwona mwenzake nimwelekeze." Akanichorea njia nyuma ya kibahasha cha dawa.

Bi Tatu nilimkuta barazani kwake anachoma maandazi, ushungi umefunika kovu.

"Karibu. Wewe ndiye mwenzangu wa kichwa?"

"Ndimi."

"Kaa. Jina lako nani?"

Aliniuliza jina mara tatu kabla maandazi hayajapoa, na mara ya tatu tulicheka wote wawili, mimi kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Tulisimuliana. Mmoja alipopoteza alichokuwa akisema, mwingine naye alikuwa amekipoteza, tukaanza upya. Nikamweleza juu ya Mzee Chibago na kuku wa utani.

"Mimi mwanzoni nilijificha," alisema. "Naitikia nisichokijua. Nacheka nisichokisikia. Nikachoka, wallahi. Siku hizi mtu akija namwambia kabla hajakaa: mimi nimepasuliwa, nasahau. Nikikuuliza mara mbili, nijibu mara mbili. Ukichoka, maandazi yapo na kwa jirani."

"Hawakucheki?"

"Wananicheka. Lakini wananicheka mimi. Kule kujificha walikuwa wanamcheka mwanamke mwingine, hata simjui." Akanifungia kwenye karatasi maandazi manne ya kumpelekea Modesta.

Jumapili ya Paroko ilifika. Baada ya Misa watu hawakuondoka. Sosipeta alikuwa ameshamleta kuku mwenyewe, jogoo mwekundu amefungwa miguu, amelazwa kando ya mlango. Alinikonyeza. Watoto wa Mzee Chibago walikaa nyuma na mikono kifuani, mama yao kati yao. Modesta hakunitazama.

Nikasimama. Ni palepale niliposimama miaka kumi na sita.

"Nimeambiwa niseme nilikuwa natania," nilisema. "Sikutania. Niliposema Mzee Chibago apone, nilikuwa namwombea kweli apone. Nilisahau kwamba amekufa. Nilisahau kwamba nilimzika. Walinitoa kifafa, wakanitoa na kumbukumbu, na hakuna aliyeniambia. Si kiburi, na si pepo. Nikiwapita njiani sijawataja, niiteni. Nikiuliza jambo mara mbili, nijibuni mara mbili. Mama Anjela, nisamehe. Kuku huyu si wangu."

Sosipeta alikuwa anatazama sakafu. Kisha Mama Anjela akazungumza akiwa amekaa.

"Kwa hiyo hukumbuki?"

"Sikumbuki, mama."

"Hata ulivyoingia kaburini?"

"Niliingia kaburini?"

Mwanawe mkubwa akakunjua mikono. Mama Anjela akasimama. "Uliingia. Kabla hujavaa kanzu. Ukakaa mle chini, ukasema Mgogo huyu halali humu mpaka watu wake walete maji ya kisima, babu zako wana kiu tangu enzi za kubeba pembe. Wanangu hawa wakaleta kikombe. Ukanywa, ukasema, maji ya Wagogo bado yana chumvi. Mimi nikacheka. Nilikuwa sijala siku mbili, nikacheka mpaka wakanishika. Halafu ukatoka, ukajipangusa udongo, ukavaa kanzu yako, ukamzika mume wangu vizuri." Akanisogelea hatua moja. "Nilivyokusikia unamwombea apone, nilidhani umeamua kunichezea. Kumbe hata kile kicheko changu wamekuchukulia."

Nikalia mbele ya watu wote. Hakuna aliyeanzisha wimbo, na sikutaka.

Natamani niseme yaliishia hapo. Paroko ni mtu mwema. Aliniita sakristia, akanishika bega, akasema ujasiri wangu umemgusa, lakini ibada inahitaji utulivu, basi nipumzike kuongoza mpaka nitakapopona. Nikamuuliza nipone nini. Hospitali imeandika nimepona, na kanisa linanisubiri nipone. Siku hizi anayesimama mbele ni kijana wa Sosipeta, anasoma kwa haraka na kuruka majina ya manabii.

Kwa hiyo wewe uliyeshika fomu, sikuambii usisaini. Mimi ningesaini tena, na hilo nalo linaniudhi. Nakuambia umkamate daktari kwa maswali mpaka neno "kidogo" limwishe mdomoni. Muulize nani atakupima baada ya upasuaji, na mwaka ukipita nani atakupima tena. Mwambie ayaandike kwa Kiswahili. Mchukue mkeo au mumeo ayasikie, maana yeye ndiye atakayeyabeba. Na ukirudi nyumbani, usikubali kusemwa unatania.

Jumapili ile ya Paroko, watu wakitawanyika, Mama Anjela alinisubiri nje. Alisema wanawe wamechoka kumsikia akirudia habari za baba yao, kila akianza wanasema, mama, tulikuwapo. "Wewe njoo," akasema. "Nitakusimulia tangu alivyoamka asubuhi ile." Nilikwenda na baiskeli yangu, nikakaa kwenye kigoda, akanieleza yote: chai aliyoikataa, mkono alioushika, kikombe cha maji, udongo. Nilimlilia rafiki yangu siku hiyo kama mtu aliyepata habari sasa hivi, naye akalia nami, akanishukuru kwa kumsikiliza. Modesta anasema nimekwenda mara sita. Mimi nakumbuka mara moja.